Bulangeti Lenye Mabega

Jumatano, 27 Mei

Hili sijamwambia mtu. Hata padri nisingemwambia, na sasa padri mwenyewe ameondoka.

Shati moja la Papa halijakatwa. Liko kwangu. Nimelikunja likawa dogo kama mkate, nikalifunga katikati ya vitambaa vyangu vya mwezi. Furushi liko chini ya kitanda. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndipo lilipo.

Nilitaka kuandika kwa Kifaransa ili Mama asiweze kusoma. Imeshindikana. Masera, masista wa misheni, walitufundisha Kifaransa cha mezani, cha ubao, cha wanyama wa shambani. Vitambaa hivi hawakutupa jina lake. Basi naandika Kiswahili na daftari nalisukuma chini ya mkeka.

Sababu ya yote ni hii. Tangu waasi waingie Uvira wanapekua nyumba kwa nyumba. Mtu wa Leta, yaani wa serikali, wanamuua. Anayekutwa na nguo za Leta naye wanamchukua, na hawamrudishi. Papa ni mtu wa Leta. Ni wa duwani, ushuru wa mpakani, pale barieri ya Kavimvira. Anainua mti, gari linapita kwenda Burundi, anashusha mti. Asubuhi walipoingia alikuwa kazini. Hajarudi. Wenzake wa duwani walivuka daraja la mto Ruzizi, tumesikia hivyo. Kwa hiyo na Papa alivuka. Mama analisema kila tukikaa kula, kama sala. Alivuka.

Leo asubuhi aliniambia: “Lete mashati ya baba yako.” Leta ilimpa mashati manne. Moja alilivaa siku ile. Nilitakiwa kuleta matatu. Nilileta mawili, na suruali. Mama aliyatazama. Hakuuliza la tatu. Nadhani woga umemsahaulisha.

Akachukua makasi.

Alhamisi, 28 Mei

Tunashona mgongo wa bulangeti, upande wake wa chini.

Uso wake uliisha kabla ya Pasaka. Mama aliushona kule kwa masera, kwenye chumba cha kushonea cha wamama, kipande kwa kipande. Vikwembe vyake vya zamani vya kujifunga, vya bibi, gauni langu la komunyo. Uso ni mzuri sana. Mgongo ulikuwa uwe wa amerikani nyeupe. Papa alisema atanunua mishahara ikitoka. Sasa duka la amerikani halina mlango, halina rafu, hata misumari wameing'oa. Na mashine ya masera ilibebwa kichwani na mtu mmoja, nilimwona, alikuwa anakimbia huku gurudumu linazunguka lenyewe.

Kwa hiyo mgongo utakuwa wa mashati ya Papa, magunia ya unga na pazia la sebuleni. Tunashona kwa mkono.

Mama anasema kaki yenyewe si kosa. Nusu ya mji imevaa kaki. Kosa ni mabega. Zile kamba mbili za mabegani na vifungo vya shaba, hivyo ndivyo vinavyosema Leta. Kamba tulizichoma. Vifungo Mama alikwenda navyo chooni. Nilisimama nje nikavisikia vikianguka.

Nilifumua mishono kwa wembe. Mikono ya shati ukiifungua inakuwa mipana, sikutegemea. Sehemu kubwa kuliko zote ni mgongo wa shati.

Lakini pale palipokuwa na kamba za mabega, kaki ni nyingine. Jua halikufika pale kwa miaka minne. Kwingine kote imepauka kama majani makavu, pale chini imebaki na rangi yake ya mwanzo. Mashati haya yalitolewa mwaka wa uhuru. Siku ile Papa alipanda juu ya kiti Mama ampigie pasi ya mwisho akiwa amevaa moja, na Mama alimwunguza kidogo, na alicheka. Papa kucheka si kila siku.

“Kila kipande ukigeuze,” Mama alisema. “Ya ndani ije nje. Alama isionekane.”

Nikaitika. Mimi huitika tu. Mama husema ulimi wangu ulishuka mpaka kwenye vidole.

Jumapili, 31 Mei

Hakuna misa. Shangazi Feza alikuja.

Ni dada ya Papa, anauza ndagala, dagaa wa ziwani, soko la Mulongwe. Aliingia na beseni kichwani, akaona vipande vimetandazwa kwenye mkeka. Hakushusha beseni.

“Weye muke! Kaka yangu unamuzika na makasi?”

“Feza, funga mulango.”

“Sifunge! Batu basikie! Nguo ya muntu mwenye kuwa muzima inakatwaka?”

Ni kweli, hapa kwetu haikatwi. Nguo za mwanaume zinaguswa baada ya matanga kuisha. Hapo ndugu wanakaa, wanagawana, lisilofaa linakatwa. Kuzikata mapema ni kumwita kifo aje achukue mwenye nguo. Mama anajua. Kila mtu anajua. 

Mama alisema polepole: “Bakikuta shati nzima humu ndani, tunakufa minye na huyu mutoto. Ulitaka nifanye nini?”

“Ungetupa mu ziwa.”

“Ziwa linarudishaka.”

Shangazi, anayeuza samaki na kujua hilo kuliko sisi, aligeukia mlango. Kisha alisema hatakanyaga hapa mpaka kaka yake arudi mwenyewe kumwomba. Akaondoka. Ndagala moja ilidondoka kizingitini. Mama aliiokota, akaipuliza vumbi, akaitia sufuriani.

Moyoni nilifurahi. Watu wanagombana na mimi nafurahi. Kwa sababu Shangazi akisema kweli, basi Papa hajaitwa bado. Shati moja ni zima. Liko chini ya kitanda changu, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, kama anavyolivaa yeye.

Jumanne, 2 Juni

Tunapanga vipande. Mgongo lazima uzidi uso kwa kiganja kizima kila upande, la sivyo ukishona tabaka tatu pamoja unavutika, unakuwa mfupi. Masera walimfundisha Mama hivyo. Katikati tutatia lile bulangeti kuukuu la kijivu.

Kushona kwa Mama: sindano mbele, inarudi nyuma, mbele tena. Polepole lakini hakufumuki.

Alivuka, Mama alisema leo. Mara mbili.

Ijumaa, 5 Juni

Nimefanya jambo.

Mama alikwenda kutafuta sombe, majani ya muhogo ya kupika. Nilikuwa nashona safu ya juu, ile itakayokuwa kwenye shingo mtu akilala. Kilikuwa kipande cha bega. Nilitakiwa kukigeuza. Sikukigeuza. Nilikishona alama ikiwa nje.

Ni alama ndogo. Mstari wa rangi ya zamani, upana wa vidole vitatu. Nilitaka Mama akilala shavu lake liguse pale. Nilitaka Papa aonekane mahali fulani, hata kidogo, hata kama ni sisi tu. Sina maelezo mengine.

Mama aliporudi sikumwambia. Aliangalia kazi kwenye giza la chumba, akasema ni nzuri.

Mgongo umebaki na tundu. Kona ya chini, upande wa kulia. Nilisema nitatia kipande cha gunia, magunia yamebaki. Mama alikataa. “Tuache kwanza. Kitapatikana.”

Kitapatikana wapi? Maduka hakuna.

Jumatatu, 8 Juni

Milio ya bunduki upande wa Kalundu, kisha kimya. Wanasema ni furaha tu, wamepiga hewani.

Wanawake kisimani wanasimuliana sheria za wapiganaji. Aliyenyunyiziwa maji ya dawa risasi haimwingii. Lakini asiguse mwanamke. Asipokee kitu mkononi mwa mwanamke. Na mwanamke aliye katika siku zake asimkaribie kabisa, dawa inakufa palepale. Mama Sifa, jirani yetu, alisema: “Kumbe siye tungeenda kuwakumbatia tu, vita inaisha.” Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mimi sikucheka. Niliwaza furushi langu. Nililiweka pale kwa sababu ya haya tu, kumbe nimeliweka mahali pazuri kuliko nilivyojua.

Alhamisi, 11 Juni

Wamekuja.

Walikuwa wawili. Mmoja alibaki uani. Mwingine aliingia, mtu mzima, majani kichwani, mkuki mkononi, ndevu zimeanza mvi. Alisimama mlangoni kwanza.

“Musogee ku ukuta. Musiniharibie dawa.”

Tulisogea. Mgongo wangu ulihisi kila tofali.

Hakugusa kitu kwa mkono. Alipekua kwa ncha ya mkuki. Alifunua sufuria. Alisukuma viatu vya Papa vya Jumapili, akavitazama, akaviacha. Aliinama akachungulia chini ya kitanda changu na akavuta furushi nje kwa mkuki.

“Hii nini?”

Mama alijibu bila kutikisika: “Ya huyu binti. Ya mwezi.”

Aliuondoa mkuki haraka kama mtu aliyegusa kaa la moto. Akaifuta ncha kwenye udongo, mara nyingi. Yule wa uani aliona na akacheka: “Mukubwa, leo risasi inakupata!”

“Nyamaza, weye! Chunga barabara.”

Nilidhani yameisha. Kisha akaona bulangeti kwenye mkeka. Alilinyanyua kwa mkuki upande wa uso. Akalitazama, akasema ni zuri. Nadhani alilisema kweli. Kisha akaligeuza.

Alitazama sana. Niliona macho yake yanakwenda pale pale. Kipande changu.

“Mama,” alisema. “Hii bulangeti iko na mabega.”

Aliangalia nje kama mwenzake anasikia. Sauti yake ikashuka.

“Ni ya yule wa barieri. Mwenye kufungaka kifungo mpaka ku shingo, hata jua likiwaka.”

“Unamujua?” Mama alimwuliza.

“Minye nilikuwa napitishaka mihogo ya batu pale. Anainua muti, napita, anashusha. Hata nyuma yangu hakuna muntu, anashusha. Nilikuwa namuchekaka.”

“Alivuka,” Mama alisema.

Mtu yule alitikisa kichwa.

“Bengine balivuka. Na yeye alivuka, mama, nilimuona. Alikuwa ng'ambo tayari. Akageuka kutazama. Muti ulikuwa juu. Akarudi kuushusha.”

Nilisikia kuku wa jirani. Nilisikia yule wa uani anapiga mluzi.

“Kaburi iko wapi?” Mama aliuliza.

“Usitafute kaburi. Ruzizi ilikuwa imejaa.”

Aliliachia bulangeti likaanguka. Upande wa uso ulikuja juu. Alipofika mlangoni alisema bila kugeuka, wao hawageuki nyuma, ni sheria yao nyingine: “Ile kipande mukigeuze. Mwenzangu iko na macho.” Kisha kwa sauti kubwa, huko nje: “Hakuna kitu humu. Vitambaa vya bamama tu.”

Wakaenda kwa Mama Sifa.

Hakusema ni nani aliyemkuta Papa pale kwenye mti. Mama hakuuliza. Mimi ningetaka kuuliza lakini ulimi wangu ni huu huu.

Ijumaa, 12 Juni

Papa amekufa.

Nimeandika ili nione inavyokaa. Inakaa vibaya.

Mama alichota maji ziwani. Ruzizi inamwagika humo humo. Sikunywa. Jioni nilikunywa. Kiu haina adabu.

Naendelea kuwaza jambo moja. Ningegeuza kile kipande kama nilivyoambiwa, yule mtu angeona kaki tu, angeondoka. Tungekuwa bado tunasema alivuka. Leo pia tungesema, tukila. Mimi ndiye niliyemwambia Mama, kwa sindano. Sijui kama nilimfanyia ubaya. Sijui kama ningetaka asijue.

Na alivuka kweli. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Sala ya Mama ilikuwa kweli. Alikuwa ng'ambo.

Namchukia kwa ajili ya ule mti. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Sufuria tukiiacha wazi anafunika. Dirisha anafunga, anarudi kuhakikisha. Usiku akipita kitandani kwangu ananifunika mguu. Namchukia. Halafu namtaka.

Jumapili, 14 Juni

Hatuwezi kulia.

Mama Sifa alikuja kwa mlango wa nyuma, alishasikia, sijui kutoka kwa nani. Alimshika Mama mikono na kumnong'oneza: anayemlilia mtu wa Leta naye wanamhesabu ni wa Leta. Upande wa sokoni kuna mama alipiga yowe kwa mumewe, wakamfuata. Basi hakuna yowe. Hakuna moto wa matanga uani. Hakuna watu wa kulala kwenye mikeka, wala wa kuleta kuni, wala wa kuimba. Papa aliyekwenda kwenye matanga ya kila mtu, na sikuzote alikuwa wa kwanza kuleta kuni.

Mama anakaa chini tu. Hakalii kiti. Mfiwa hukaa chini. Lakini mwenye kushona bulangeti naye hukaa chini, kwa hiyo akipita mtu dirishani anaona mwanamke anashona.

Leo alifumua kipande cha bega. Mshono kwa mshono, kwa wembe ule ule. Akakigeuza, alama ikaenda ndani. Akakishona tena. Nilikuwa nangoja aniulize kwa nini. Nilikuwa tayari, jibu lilikuwa mdomoni kabisa.

Alisema tu: “Ulikaza vizuri. Imenisumbua kufumua.”

Tundu la kona bado liko.

Jumatano, 17 Juni

Mengi leo. Mkono unauma lakini nitaandika yote.

Asubuhi Mama alinituma Mulongwe kwa Shangazi Feza. Alisema nimwambie. Njia nzima nilifanya mazoezi. Shangazi, Mama amenituma. Shangazi, kuna habari. Nilifika mbele ya fungu lake la ndagala nikasimama. Kuna wateja. Kuna vijana wenye majani kichwani wanapita. Nilifungua mdomo, hakuna kitu.

Shangazi alinitazama. Alitazama uso, kisha miguu, kisha uso. Akaanza kuchota ndagala. Alichota akatia kwenye kikapu changu, akachota tena, kikajaa, zikaanza kumwagika chini na bado anachota. Mteja mmoja akasema: “Eh, mama, huyu unamupa duka muzima?” Shangazi aliendelea kuchota.

Alifunga biashara, tukarudi pamoja. Aliniongoza kwa kunishika shingo kwa nyuma, kama Papa anavyofanya barabarani gari likija.

Alipoingia alikaa chini, kando ya Mama. Mabega yao yakagusana. Walikaa hivyo. Kisha Shangazi akavuta mgongo wa bulangeti mapajani mwake akaupapasa, safu kwa safu, akifuata mishono. Akafika kwenye tundu.

“Hapa hamukumaliza.”

“Bado kipande,” Mama alisema.

“Kipande gani?”

Mama alinigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu.

“Huyu anajua. Mashati ilikuwa minye nafulaka kila juma. Minye nisijue hesabu ya nguo ya bwana yangu?”

Alijua. Tangu siku ya kwanza alijua. Siku zote nilizolala nikiona nimemdanganya, alikuwa ameacha tundu la shati hilo, akimngoja Papa kama mimi. Na siku ya mkuki, aliposema ni ya huyu binti bila kutikisika, alijua kilichomo.

Nilikwenda kulichukua furushi. Nilipiga magoti mbele yao nikaanza kufungua. Kitambaa cha kwanza. Cha pili. Shangazi akakodoa macho. Nilitamani ardhi inimeze. Cha tatu, na kaki ikatokea.

“Humo?” Shangazi alisema. “Humo ndani?”

Nikaitika kwa kichwa.

“Kaka yangu? Muntu mwenye haya sawa ile, mwenye kuingia chooni anakohoa kwanza njia nzima? Bamemulaza HUMO?”

Ikamtoka. Kicheko. Alijaribu kukizuia kwa kiganja kikapita puani. Mama alimtazama kana kwamba atamkemea, kisha midomo yake ikaanza kutetemeka, naye akacheka. Mimi nikacheka. Shangazi alisema: “Angejua angekufa mara ya pili,” tukaangukiana. Tulicheka kwa sauti, mpaka uani, mpaka barabarani. Sijui ni wakati gani kiligeuka. Nilihisi tu kifua cha Mama kinapanda kwa namna nyingine, na mkono wa Shangazi umekamata nguo yangu unaivuta, na sauti ni ile ile, kubwa, ila sasa ilikuwa yowe. Ndani ya kicheko tulilia. Tulimlilia Papa kwa nguvu zote na wapita njia walisikia wanawake wanacheka.

Mama Sifa aliniuliza baadaye tulikuwa tunachekea nini. Nilimwambia habari za shati. Nilisema mwenyewe, maneno mengi, yote. Alicheka, akajifuta macho, hakuuliza zaidi.

Tulipotulia, Shangazi alinyoosha shati mapajani. Alifungua vifungo kuanzia chini. Cha shingoni kilikuwa kigumu, akakifungua kwa meno.

“Leteni makasi,” alisema. 

Mama alimpa. Yeye ndiye aliyekata. Ni haki yake, ni dada. Alikata mgongo wa shati kwa mstari mmoja. Kilichobaki tuligawana, kama inavyopaswa. Shangazi alichukua mkono mmoja wa shati. Atautumia kufungia chumvi, alisema, ili aushike kila siku. Kamba za mabega ziliingia motoni. Vifungo chooni, ila kile cha shingoni. Mama alikibakiza kwenye ngumi yake na hakuna aliyemwambia afungue.

Kipande cha kona nilikishona mimi. Nilikigeuza.

Jumanne, 30 Juni

Siku ya uhuru. Hakuna aliyeitaja. Upepo mwingi toka ziwani, mawimbi yanasikika mpaka humu.

Bulangeti limekwisha. Tabaka tatu, limeshikwa vizuri, halivutiki. Ni zito kuliko nilivyofikiri. Kwa juu ni vikwembe vya kila rangi, kwa chini kaki na magunia na pazia. Ukipapasa ile kona ya kulia kuna kitu kidogo kigumu katikati ya tabaka. Mama alikitia kabla sijafunga mshono.

Nalala naye sasa. Jana usingizini mkono wake ulishuka mpaka pale, ukapapasa, ukapata, ukatulia.

Shangazi anakuja kila jioni. Anagombana na Mama juu ya chumvi ya sombe. Inasikika vizuri.

Mguu wangu mmoja ulikuwa nje ya bulangeti asubuhi. Nilingoja kidogo. Kisha nikaufunika mwenyewe.

Miguu inakuja. Ni ya Mama, kandambili moja inaburuzika. Iko uani. Sasa iko mlangoni. Kifaransa hajui, lakini Kiswahili anakisoma polepole, kwa kidole, alivyofundishwa katekisimu. Mkono wangu umeshaanza kulisukuma daftari chini ya mkeka.

Nimeurudisha. Akitaka kusoma, asome. Nasogea kidogo apate mahali pa kukaa.